Mgongo Unapokataa: Somo juu ya Diski, Maombi na Hospitali

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 32:22-32, Isaya 38:21, Luka 13:10-17, Wakolosai 4:14.



Somo la mwezi huu ni juu ya mgongo. Wengine watasema shemasi ameacha Neno, amegeukia udaktari. Sivyo. Hapa kwetu Bwegera nani haumwi mgongo? Mama ameinama katika mpunga tangu asubuhi. Kijana wa parkingi anashusha gunia la unga wa muhogo kutoka juu ya lori. Mwendesha pikipiki anapigwa na mashimo ya barabara kutoka Luvungi mpaka Sange. Na mgongo wa mtu mmoja ukikataa, nyumba nzima inakataa: shamba linalala, watoto wanarudishwa nyumbani kwa deni la minervali. Ndipo jamaa wanakusanyika, na kila mmoja analeta shauri lake. Ni juu ya mashauri hayo nataka tusome pamoja, kwa sababu mimi mwenyewe niliyapokea, na baadaye nilimpa mwingine shauri baya.

Mwaka 2017, wakati wa mavuno ya mpunga, niliinua gunia huku nimejipinda kiuno. Nikasikia kitu mgongoni kama kijiti kinachovunjika. Siku ya pili maumivu yalihama mgongoni, yakashuka kwenye tako, nyuma ya paja, kando ya mguu, hadi kidole gumba. Nikikohoa, yanapiga kama waya wa moto. Sikuweza kulala wala kukaa. Nafuu niliipata nikipiga magoti kando ya kitanda, kifua juu ya godoro. Mama watoto akasimulia kwa majirani kwamba mume wake anasali usiku kucha. Kweli nilisali, lakini si kwa utakatifu peke yake.

Mashauri yakaja. Mmoja akasema ni karuho, kuna mtu amenitilia kitu. Mwingine akasema yuko mzee anayejua kurudisha diski kwa kukanyaga mgongo kwa kisigino. Ndugu yangu mkubwa akatuma habari kutoka ng'ambo ya mpaka kwamba niuze ng'ombe na kipande cha shamba, nipasuliwe mara moja. Na dada mmoja mzee, ninayempenda sana, akasema nisiguse dawa yoyote, Mungu atatenda.

Diski ni kitu gani

Mgongo una pingili 24 zinazocheza, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za juu kabisa, kuna kitu kama mto mdogo. Huo ndio diski, na zote pamoja ni 23. Nje yake ni nyuzi ngumu zilizosukwa kama mkeka, ndani yake ni ute mzito. Watu husema diski imeteleza. Haitelezi kama sabuni. Ukuta wake unachanika, na ute wa ndani unasukumwa nje, kama ndizi mbivu inavyochomoka katika ganda ikibanwa. Ukigusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, mguu ndio unaolia, ingawa kosa liko kiunoni. Hospitalini wanaita erni diskali, na maumivu ya mguu wanayaita siatike. Karibu mara zote inatokea katika diski mbili za chini kabisa, kwa kuwa ndizo zinazobeba mzigo.

Soma tena habari ya Yakobo pale Yaboki, alipoguswa uvungu wa paja akatoka akichechemea. Wayahudi mpaka leo huondoa mshipa huo katika nyama kabla ya kula, na wengi wanasema ndio mshipa huu mkubwa wa mguu. Basi ugonjwa wa kuchechemea si wa jana. Lakini madaktari walichelewa kujua chanzo chake. Ni mwaka 1934 ambapo William Mixter na Joseph Barr, wa mji wa Boston huko Marekani, walionyesha wazi kwamba diski iliyochanika ndiyo inayobana mshipa. Kabla ya hapo, aliyefungua mgongo na kukuta kile kinyama alidhani ni uvimbe tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui

Diski haihitaji kurudishwa. Hakuna kisigino wala mkono wa mtu unaoweza kuusukuma ute ule urudi ndani. Mwili wenyewe huula kidogo kidogo, uvimbe unapungua, na mshipa unapumua. Kwa wengi kazi hiyo huchukua kati ya majuma 6 na 12. Huko Uholanzi, mwaka 1999, madaktari waliwatazama wagonjwa 183 wa siatike. Wengine waliambiwa walale kitandani majuma mawili, wengine waendelee na kazi nyepesi kadiri walivyoweza. Baada ya majuma 12, watu 87 katika kila 100 walikuwa wameona nafuu, sawasawa katika makundi yote mawili. Kulala hakukuongeza kitu. Kwa hiyo tuache desturi ya kumlaza mgonjwa mwezi mzima na kumlisha kitandani kama mzazi. Alale siku moja au mbili kama maumivu ni makali mno, kisha ainuke, atembee hatua chache mara nyingi kwa siku, asikae kitako muda mrefu, asiiname, asibebe kitu. Usiku alale kwa ubavu na kitenge kilichokunjwa kati ya magoti, au chali na miguu juu ya kiti.

Dalili njema ni hii: maumivu yanapoanza kuacha kidole na kupanda juu. Hata kama kiuno bado kinauma, mguu ukinyamaza, mnaelekea pazuri. Kwangu kidole kilinyamaza juma la tatu. Juma la kumi nilishika jembe. Ng'ombe bado yuko, amekwisha zaa mara mbili.

Juu ya dawa, nina neno moja kwa wafungaji. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vinasaidia, lakini vinachubua tumbo na kuumiza figo. Anayevimeza huku amefunga siku tatu bila chakula anatafuta kidonda cha tumbo, hata kutapika damu. Chagua: ama ufunge bila vidonge hivyo, ama ule na kumeza. Paracetamoli ni nyepesi zaidi kwa tumbo, ila usizidishe kipimo. Na vile vidonge vidogo vya deksametazoni vinavyouzwa sokoni kwa kuhesabu, mtu akisifu kwamba vinaondoa maumivu na kunenepesha, jua kwamba uso unavimba, sukari ya damu inapanda, na kifua kikuu kilicholala kinaamka. Sindano za matako kwa mtu asiyesoma kazi hiyo nazikataza kabisa. Sindano ikichomwa vibaya inaweza kuupata mshipa uleule unaouma, na mguu ukalegea.

Kupaka mafuta na kusugua polepole hakuna ubaya. Kitambaa cha maji ya moto pia ni kizuri. Ubaya ni kukanyaga, kuvuta kwa nguvu, na kuchanja kwa wembe uliopita kwa watu wengine, unaoleta ukimwi na ugonjwa wa ini.

Si kila mgongo ni diski

Hapa lazima tusimame kidogo. Mgonjwa mwenye homa za jioni, anayekonda, anayetoka jasho usiku, na mgongo unamuuma hata akilala, huyo tusimwambie habari ya diski. Kifua kikuu hukaa pia katika mifupa ya mgongo, hula pingili mpaka kibyongo kinatokea. Kinatibiwa kwa dawa za miezi mingi, na ukimkanyaga mtu huyo unaweza kumvunja pingili. Wachungaji wa ng'ombe na wanywaji wa maziwa mabichi wanaweza kupata brusela, nayo hushika mgongo. Aliyewahi kuwa na kansa, na aliyeanguka kutoka juu, nao wapelekwe kupimwa bila kungoja majuma sita.

Tena picha ya kawaida ya mifupa, ile radiografia, haionyeshi diski. Inaonyesha mifupa tu. Inafaa kwa kutafuta kifua kikuu au mfupa uliovunjika. Diski huonekana kwa skana, na vizuri zaidi kwa mashine ya IRM. Lakini hata hiyo picha isikutishe peke yake. Mwaka 1994 huko Marekani watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo walipigwa picha hizo, na ni 36 tu katika kila 100 waliokutwa diski zao zote ni safi. Picha lazima ikubaliane na mguu unaouma. Isipokubaliana, usiuze shamba.

Siku ambayo hatungoji

Sasa naandika lililo zito kwangu. Mwaka 2019 dada mmoja wa kusanyiko letu alikuwa katika maombi ya siku saba kwa ajili ya mgongo. Amenipa ruhusa niandike, bila jina. Siku ya tatu maumivu yalishika miguu yote miwili. Siku ya nne akasema hasikii kitu pale mtu anapokalia, ni kama si mwili wake, na mkojo hautoki. Jamaa wakaniuliza. Nikajibu kwamba adui anapigana kwa sababu ushindi uko karibu, amalize siku zake saba. Siku ya sita muuguzi, dada yake wa kambo, alikuja kumsalimia, akagusa tumbo lake, akakuta kibofu kimejaa kama mimba. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Wakampandisha gari siku ile ile, lakini mpaka kufika kwa anayejua kupasua mgongo siku nyingine zilipita. Leo anatembea kwa fimbo. Mkojo haukurudi kuwa kama zamani. Amenisamehe, na nilisimama mbele ya kusanyiko nikaungama.

Kilichompata kina sababu: diski kubwa ilikuwa imebana kifungu chote cha mishipa ya chini, ile inayoongoza kibofu, choo na miguu. Mtu wa namna hiyo anapaswa kupasuliwa upesi iwezekanavyo, katika saa 48 za kwanza kama inawezekana. Kwa hiyo zishikeni dalili hizi: mkojo kuziba au kutoka bila kujua, choo kutoka bila kujua, ganzi kati ya mapaja mahali pa kukalia, miguu yote miwili kulegea. Ikitokea hata moja, maombi yaendelee ndani ya gari.

Na mguu mmoja unaozidi kulegea nao unahitaji daktari upesi. Mjaribu mgonjwa: atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Mguu ukishindwa kusimama hivyo, na hapo kwanza uliweza, msingoje.

Wengine wataniuliza: je, hiyo si kukosa imani? Hezekia aliombewa na nabii, na nabii huyohuyo akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Luka alikuwa tabibu. Na katika nchi yetu, mwaka 1921, watu waliacha vitanda vya hospitali wakaenda Nkamba kwa Simon Kimbangu. Lakini kanisa lililozaliwa na kazi yake limejenga zahanati na hospitali, mojawapo iko Kimbanseke, Kinshasa. Hao nao ni watu wa unabii, na hawakuona aibu.

Kisu

Upasuaji kwa asiye na dalili zile za hatari ni jambo la kupima taratibu. Waholanzi walilipima mwaka 2007 kwa wagonjwa 283 waliokuwa wameteswa na mguu kwa majuma 6 mpaka 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, nusu wangoje wakitibiwa bila kisu. Waliopasuliwa walipata nafuu ya mguu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipoisha, karibu watu 95 katika kila 100 walikuwa wamepona katika makundi yote mawili. Katika wale waliongoja, 39 katika kila 100 walishindwa kuvumilia, wakapasuliwa baadaye. Maana yake, kisu kinanunua muda. Mwenye feza, na maumivu yamemzidi baada ya majuma hayo, asihukumiwe. Asiye na feza asidhani amehukumiwa kilema. Na kisu kinaponya mguu kuliko kiuno: anayeumwa kiuno peke yake, bila mguu, mara chache kitamfaa.

Kwetu kupasuliwa ni safari. Kupanda Kamanyola na Ngomo mpaka Bukavu, au kushuka Uvira na kuvuka mpaka kama uko wazi. Wengine wamefika Kigali, kwenye hospitali ya King Faisal, au Dar es Salaam, kwenye taasisi ya mifupa ya Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996. Kabla ya kuuza kitu, ulizeni daktari: picha inakubaliana na mguu? Amepasua migongo mingapi? Nikingoja mwezi mmoja tena, ninahatarisha nini? Daktari mwema hakasiriki kwa maswali hayo.

Maswali kwa vikundi vya Jumatano

1. Katika kitongoji chenu, nani ana gari au pikipiki inayoweza kutoka usiku, na namba yake ya simu iko kwa nani?
2. Sanduku la wagonjwa lina franka ngapi leo, na nani anaweza kulifungua bila kungoja kikao?
3. Mtu akiwa katika maombi ya siku nyingi, ni mama gani atamwuliza kila asubuhi kama amekojoa?
4. Magunia ya mavuno yajayo tutayajaza nusu, au tutaendelea kama zamani?