SOMO: KUPANGA DUKA LA INTANETI



Kikundi cha wakamuaji mawese wa Kizuka leo kinaweza kumwuzia mteja wa Bujumbura bila kupitia kwa mlanguzi. Programu ya duka kama WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011, hutolewa bure. Tunalipia nafasi ya kuiweka kwenye intaneti. Lakini hasara huanzia siku ya kuipanga. Tuangalie hatua tano.

1. Fedha. Programu huanza na dola ya Marekani. Chagueni faranga ya Burundi.

2. Nukta. Programu huweka tarakimu mbili za senti, nasi hatutumii senti. Wekeni sifuri. Tena, ukiandika bei 90.000 kwa nukta, kama tulivyozoea, programu itasoma faranga 90! Andika 90000.

3. Kipimo. Bidoni si zote sawa. Andikeni lita 20. Wekeni na hesabu ya stoo, duka lisiuze mafuta yasiyokuwapo.

4. Usafiri. Rumonge mjini na Bujumbura ziwe na nauli mbalimbali.

5. Malipo. Anzeni na kulipa wakati wa kupokea mzigo. Lumicash iingie kwenye namba ya kikundi, si ya mtu mmoja.

Mwisho, ufunguo. Mwenye neno la siri anaweza kubadili bei na namba ya malipo kwa usiku mmoja. Lishikwe na watu wawili waliochaguliwa mkutanoni.

Swali la kujadiliana: kwetu, ufunguo anao nani, na nani alimchagua?