Tope la Sabaki

Wahenga walinena kwamba tembea uone. Nami nilitembea nikaona, na hayo niliyoyaona ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu niwaandikie wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Makala haya ni somo, wala si hadithi. Lakini somo lenyewe sikulipata darasani. Nililipata nikiwa nimezama ndani ya tope hadi magotini.

Likizo ya Desemba nilikwenda kumtembelea mjomba wangu ambaye ni dereva wa matatu huko Malindi. Kwetu ni Machakos, na bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Siku ya tatu mjomba akaniambia, "Leo utakwenda Sabaki ukaone ndege." Moyoni nilinung'unika. Ndege? Kwetu ndege wako tele, kila msimu tunashinda shambani tukiwafukuza wasitumalizie mtama. Mimi nilitaka kuogelea! Hata hivyo, mkubwa hakataliwi. Nikaenda.

Mlango wa mto Sabaki uko kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi. Tulipofika, maji yalikuwa yamekupwa. Mbele yetu palikuwa na uwanja mpana wa tope la rangi ya kahawia, unanuka chumvi na majani yaliyooza. Nikamwuliza kijana wa Kigiriama aliyekuwa akituongoza, "Kaka, mbona hapa ni matope matupu?" Akacheka, akanionyesha kwa kidole. Hebu fikiria: lile tope lilikuwa likitembea! Mamia ya ndege wadogo wa rangi ya kijivu walikuwa wakikimbia huku na huku, wakidonoadonoa bila kuinua kichwa. Kwa furaha nilipiga makofi ili niwaone wakiruka. Wakaruka wote kwa pamoja, wakageuka angani kama kitambaa kinachokung'utwa. Niliona ni jambo zuri ajabu. Yule kijana hakucheka tena. Alisema, "Umewachomea mafuta yao bure." Maana ya maneno hayo niliijua baadaye, nawe utaijua hivi punde.

MLANGO WA MTO NI NINI?

Mlango wa mto ni mahali ambapo maji matamu ya mto hukutana na maji ya chumvi ya bahari. Mto unapokwenda kwa kasi hubeba udongo mwingi. Ukifika karibu na bahari, mwendo wake hupungua. Tena ile chumvi huzifanya chembe ndogo za udongo zishikamane, zikawa nzito na kuzama. Hivyo ndivyo tope linavyojengeka mwaka baada ya mwaka.

Usilidharau tope hilo. Ndani yake mna mabaki ya majani na mimea iliyoletwa na mto, na humo huishi minyoo, konokono, kome na kaa wengi mno. Bahari nayo hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hivyo meza ya ndege huandaliwa mara mbili, usiku na mchana. Siku za bamvua maji hutoka mbali sana na meza huwa kubwa zaidi.

Mlo huo hauliwi kwa vita. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda, naye humtoa kaa shimoni. Vitwitwi wenye midomo mifupi huokota vilivyo juu juu. Wenye midomo ya wastani huchokoa minyoo iliyo chini kidogo. Ni kama bwalo letu la chakula: kila mmoja na sahani yake, tofauti ni kwamba wao hawasukumani.

WAGENI NI AKINA NANI?

Kati ya wale wadogo walioruka nilipopiga makofi, wengi walikuwa vitwitwi ambao wataalamu huwaita Calidris ferruginea. Ndege huyu ana mdomo mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini, na uzito wake ni kama gramu 60 tu, yaani kama yai moja la kuku. Kumbe hutaga mayai yake Siberia, huko kaskazini kabisa mwa Urusi, mahali ambapo ardhi huganda kwa barafu sehemu kubwa ya mwaka. Huko hupata majira mafupi ya joto kati ya Juni na Julai, akalea, kisha akaanza safari ya kuja kwetu. Hufika kuanzia mwezi wa Agosti na huondoka Aprili au Mei. Wale waliozaliwa mwaka huo wengi hubaki huku hata wakubwa wao wakirudi. Hebu hesabu miezi mwenyewe. Anakaa pwani zetu na kwingineko Afrika kwa muda mrefu kuliko anaokaa Siberia. Nani basi atasema huyu ni mgeni?

Yuko mwingine, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Huyu huzaa katika pwani za Omani na Ghuba, naye huchimba shimo refu mchangani akataga humo, jambo lisilofanywa na ndege mwingine yeyote wa jamii hiyo ya pwani. Kama majahazi ya zamani ya Omani, huja huku na kurudi kwao kila mwaka. Makundi yake makubwa huonekana Mida, karibu na Watamu, kusini ya Malindi. Mida hakuna mto unaomiminika juu ya ardhi. Ni mkono wa bahari wenye mikoko, na maji matamu hupenya kutoka chini ya ardhi. Lakini tope lake hufanya kazi ile ile.

Wa tatu sikumwona, maana Desemba si msimu wake. Huyu ni ndege mwenye mabawa marefu kama mbayuwayu, jina lake la kitaalamu ni Glareola ocularis. Anazaa Madagaska peke yake, si mahali pengine popote duniani, na idadi yake yote ni maelfu machache. Hufika pwani yetu kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na Sabaki ni mojawapo ya vituo vyake vikuu. Kwa hivyo wa kaskazini wakiondoka, wa Madagaska anaingia. Sisi tuna likizo tatu kwa mwaka, lakini mlango wa mto hauna likizo hata moja.

KWA NINI WASIHAMIE KWINGINE?

Hili ndilo swali nililomwuliza yule kijana. Pwani ya Kenya ni ndefu, tope la hapa likiharibika si watakwenda mbele kidogo?

Alinijibu kwa mfano wa matatu ya mjomba. Kabla ya safari ya Aprili, kitwitwi hula kwa bidii mpaka anenepe sana. Mafuta hayo ya mwilini ndiyo petroli yake. Matatu ikiishiwa petroli njiani, abiria watashuka na kuteta na kondakta. Ndege akiishiwa juu ya jangwa au juu ya bahari, atashukia wapi? Na kila anaporushwa ovyo na mbwa, watoto au mgeni wa kutoka bara anayepiga makofi, petroli inachomeka na muda wa kula unapotea. Hapo ndipo nilipoona haya.

Tena vituo si vingi kama tunavyodhani. Ndege wa tope hawezi kula kwenye mchanga mkavu, kwenye miamba wala kwenye maji ya kina. Ushahidi tunao. Huko Korea Kusini, mahali paitwapo Saemangeum, palikuwa na milango ya mito miwili iliyolisha makumi ya maelfu ya ndege wanaosafiri kati ya Siberia na Australia. Mwaka wa 2006 ukuta wa zaidi ya kilomita 30 ulikamilishwa, ukazuia bahari isiingie. Waliohesabu ndege baadaye hawakuwaona wote wakihamia kwa jirani. Wengi walitoweka tu. Kituo kikifungwa, abiria hawaongezeki kituo cha pili, wanapotea njiani.

Mwaka wa 2024, katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, aina 16 za ndege wa pwani wanaohama zilipandishwa ngazi ya hatari. Mmoja wao ni huyu kitwitwi wetu wa gramu 60.

TOPE LIMETOKA WAPI?

Tulipokuwa tukirudi, kijana aliniuliza, "Ndugu yangu, kwenu ni wapi hasa?"

"Machakos," nikasema.

"Basi hapa uko kwenu. Tope hili limetoka kwenu."

Nilidhani ananitania. Lakini fungua ramani, msomaji, ufuate kwa kidole. Kijito kinachopita chini ya shamba letu huingia mto Thwake. Thwake huingia Athi, ambao tayari umepokea maji ya mto Nairobi na uchafu wa jiji. Athi hushuka hadi Tsavo, ukapokea mto Tsavo na kuitwa Galana. Ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Mto ni mmoja, majina ni mengi.

Je, tope hilo lote ni baraka? La, kila kitu na kiasi chake. Likikosekana, kwa mfano mabwawa yakizuia maji na udongo huku juu, meza ya ndege haitaandaliwa. Likizidi, hufunika nyasi za bahari na matumbawe, pamoja na yale ya hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Matumbawe hukua tabaka kwa tabaka kama mti, na kila tabaka huweka kumbukumbu ya maji ya mwaka huo. Wanasayansi walichunguza tumbawe la umri wa miaka 300 hivi karibu na Malindi, na matokeo yao ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba udongo wa mto ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20. Yaani tumbawe la baharini linajua jinsi tulivyolima Ukambani!

Nilimkumbuka babu. Alichimba matuta ya fanya juu katika shamba lote, kwa jembe na koleo. Alipofariki tuliyaacha yakabomoka, na kila mvua ikinyesha kijito chetu huwa chekundu. Sisi tulisema, "Mvua imekuwa kali." Kumbe shamba lilikuwa likihamia Malindi.

TUFANYEJE?

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka wa 1990, na delta ya mto Tana, jirani ya Sabaki, ikaingizwa katika orodha yake mwaka wa 2012. Hayo ni ya serikali, na ni mema. Lakini mkataba hauchimbi matuta.

Likizo ya Aprili nilichukua jembe la babu. Baba akanitazama, akauliza, "Ati unatengeneza matuta kwa ajili ya ndege wa Malindi?" Nikamjibu, "La, baba, ni kwa ajili ya mahindi yetu. Ndege watafaidi baadaye." Alinyamaza kitambo, kisha akaenda kuchukua koleo. Tumemaliza matuta manne, yamebaki saba.

Nawe uliye pwani, ndege wakila waache wale, mfunge mbwa wako, usikate mikoko. Uliye karibu na ziwa au mto, kila Januari ndege wa majini huhesabiwa nchini. Tafuta wanaohesabu, ujiunge nao. Uliye bara kama mimi, uzuie udongo wako. Haba na haba hujaza kibaba, na tope nalo lilijaa Sabaki haba na haba.

Wino umeniishia. Alamsiki.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza jinsi tope linavyojengeka kwenye mlango wa mto.
2. "Mlango wa mto hauna likizo." Fafanua kauli hii kwa kutumia ndege wawili.
3. Kwa nini kuwarusha ndege ovyo kunaweza kuwaua hata bila kuwagusa?
4. Chora ramani ya mto ulio karibu na kwenu. Maji yake huishia wapi, na nani anayekula huko?