SOMO LA ROBO HII: Kupanga Michezo na Shughuli za Pamoja Ndugu Wanapokutana



Katika toleo hili tumechagua somo ambalo wengi wanaweza kuliona dogo, nalo ni namna ya kupanga michezo na shughuli za pamoja siku ambayo familia kubwa inakutana. Tumechukua mfano wa Kilimanjaro. Huko kila Desemba Wachaga wanaoishi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata nje ya nchi hurudi Rombo, Marangu, Machame, Kibosho na kwingineko kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Hata hivyo, somo linaifaa familia yoyote ambayo baadhi ya watu wake wamebaki nyumbani na wengine wamekwenda kutafuta maisha.

Huenda mfadhili akajiuliza michezo inahusiana vipi na maendeleo. Jibu letu ni hili: mtoto anapokosa ada, au mzee anapougua, mlango wa kwanza kubishwa ni wa ndugu. Ndugu wasiofahamiana hawafunguliani mlango. Kwa hiyo siku ambayo ndugu wanakutana ni siku ya kazi, ijapokuwa kazi yake ni kucheka.

KISA CHA PICHA

Mmoja wetu ameturuhusu kusimulia habari ya familia yake. Mwaka mmoja ndugu zaidi ya sitini walikutana kihambani kwa siku tatu. Wageni walikula, walikunywa, walipiga soga karibu na magari yao. Siku ya mwisho ikapigwa picha ya ukoo, na kila aliyerudi mjini akaitundika ukutani.

Miezi kadhaa baadaye bibi aliomba aonyeshwe picha ile. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama wa hapa nyumbani yuko wapi?" Ndipo ilipogundulika kwamba mke wa kitinda mimba, yule anayekaa na bibi mwaka mzima, hakuwemo. Mabinti zake wawili hawakuwemo pia. Wakati wa picha walikuwa jikoni wakiosha masufuria, na hakuna aliyewaita. Desemba iliyofuata wageni walipofika, walikuta jiko limepoa. Mama yule alikuwa amechukua watoto wake na kwenda kwao.

Hakuna aliyekusudia kumdharau. Tatizo lilikuwa kwamba shughuli hazikupangwa, na palipo pengo la mpango, wenyeji hugeuka watumishi na wageni hugeuka watazamaji. Lengo la somo hili ni kusaidia familia kuziba pengo hilo.

1. KAMATI NDOGO

Maandalizi yaanze mapema, ikiwezekana mwezi Septemba au Oktoba. Kamati ya watu watano inatosha, na angalau wawili wawe ni wale wanaokaa nyumbani. Awepo kijana mmoja, na wanawake wasiachiwe nafasi ya mapishi peke yake. Kundi la WhatsApp ni msaada mkubwa, lakini wapo wazee wasio na simu ya namna hiyo. Mjumbe mmoja apewe jukumu la kuwapelekea habari kwa miguu.

Kuhusu michango, tunashauri viwango visisomwe hadharani. Aidha, ndizi, maziwa, kuni na malazi yanayotolewa na wenyeji yaandikwe kwenye daftari kama mchango, sawa na fedha. Aliyetoa mikungu kumi ya mshare amechanga.

2. JIKO LIWE SEHEMU YA MICHEZO

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, nasi tunapenda kupakazia. Mtori kwa watu sitini unahitaji ndizi nyingi, na kumenya ni kazi ya saa kadhaa. Basi igeuzwe mashindano. Wagawanye watu katika timu za wanne wanne, kila timu iwe na mwenyeji mmoja wa kufundisha. Wanaume kutoka mjini wasikose. Wapake mafuta ya kula mikononi kwanza, maana utomvu wa ndizi mbichi hautoki kirahisi na hutia madoa kwenye nguo. Timu ya mwisho ioshe vyombo. Tumeona mhasibu na fundi pikipiki wakigombania kisu kimoja kwa vicheko, na ndizi zikaisha kabla ya saa nne.

Uchinjaji na uchomaji wa mbuzi kwa desturi ni kazi ya wanaume. Mzee mmoja awaeleze vijana jinsi nyama inavyogawanywa na kwa nini kila ndugu ana fungu lake. Hilo nalo ni somo la ukoo.

3. SHUGHULI ZA KUCHAGUA

a) Matembezi ya kihamba. Yafanyike asubuhi, mzee akiongoza. Watoto wagawanywe katika timu zenye mchanganyiko wa mjini na nyumbani, na nahodha awe mtoto wa nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye anayejua njia. Kila timu itafute vitu vitano: jani la isale, punje ya kahawa, jani la gimbi, ua la mgomba, na jiwe kutoka kwenye mfongo. Mzee aeleze kila kimoja. Isale hupandwa mpakani, nalo ndilo linalopelekwa kwa mtu unapomwomba msamaha. Mfongo ulichimbwa na mababu kuleta maji ya mlimani, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake. Watoto wafahamu pia kwamba kihamba, chenye miti mirefu juu, kisha migomba, kisha kahawa, na mazao ya chini kama magimbi, ni jambo la kujivunia. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima.

b) Tafuta wajina wako. Kwa desturi ya Wachaga mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Bandikeni karatasi kubwa ukutani na kuchora mti wa ukoo. Kila mtoto aende kwa wazee na kuuliza maswali matatu: Nimeitwa kwa jina la nani? Alikuwa mtu wa namna gani? Alipenda nini? Kisha aandike jina lake mahali pake. Kamati ihakikishe kwamba watoto wa mabinti, watoto wa kulelewa na waliozaliwa nje ya ndoa wana nafasi kwenye karatasi kabla mchezo haujaanza. Mtoto asigundue mbele ya watu kwamba hana tawi.

c) Michezo ya uwanjani. Kuvuta kamba, mbio za magunia, kukimbia na ndimu kwenye kijiko, na rede. Timu zisipangwe nyumba kwa nyumba, wala mjini dhidi ya kijijini. Zichanganywe kwa mwezi wa kuzaliwa. Ardhi ya mlimani huteleza baada ya mvua za vuli, kwa hiyo ni vema kuomba uwanja wa shule ulio tambarare. Watu wazima wawili wasimame upande wenye korongo au mfongo, bila kuondoka.

d) Michezo ya waliokaa. Bao, drafti ya vifuniko vya soda, na vitendawili. Mzee atege, wajukuu wateguane. Asiyejua atoe "mji". Michezo hii huwapa nafasi wagonjwa na wenye ulemavu kushiriki badala ya kutazama tu.

e) Jioni. Nyimbo, hadithi na ushuhuda mfupi kuzunguka moto. Kijana mmoja arekodi sauti za wazee kwa simu, kwa idhini yao. Mwakani huenda sauti hizo zikawa ndizo zilizobaki.

4. MAMBO YA KUEPUKA

Mbege na vinywaji vingine vya kilevi visianze kabla michezo ya watoto haijakwisha.

Mambo ya mipaka, mirathi na madeni yasiingizwe katika siku hii. Yapangiwe kikao chake, siku nyingine, na mwenyekiti wake. Tukiyachanganya, watu huvuta kamba huku mioyo ikivutana zaidi.

Ratiba isijazwe mno. Shughuli tatu au nne kwa siku zinatosha. Mazungumzo yasiyopangwa nayo yana faida yake.

Mwisho, picha. Kabla haijapigwa, mtu mmoja apite jikoni, zizini na chumbani kwa mgonjwa, kisha majina yasomwe kutoka kwenye mti wa ukoo. Asiyeitika atafutwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI NA JUMUIYA

1. Familia yetu ilipokutana mara ya mwisho, ni nani hakukaa chini hata mara moja?
2. Je, watoto wetu wanaweza kutaja majina ya binamu zao watano?
3. Ni kazi gani ya wenyeji ambayo sisi tuliotoka mbali tunaweza kuifanya mwaka huu?

HITIMISHO

Familia ile ya picha ilijirekebisha. Ndugu wawili walikwenda nyumbani kwa wazazi wa mama yule wakiwa na isale mkononi, wakaomba radhi. Alirudi. Mwaka uliofuata aliingia kwenye kamati, na yeye ndiye aliyeshika filimbi kwenye mashindano ya kumenya ndizi. Timu ya shemeji zake ilishika mkia, nao wakaosha vyombo vyote. Katika picha mpya ameketi katikati, karibu na bibi, bila aproni.

Tunaziomba kamati za parokia zilisome somo hili pamoja na familia kabla ya Desemba, na kutuandikia yale yaliyofaulu na yaliyoshindikana, ili tujifunze sote. Tunawatakia maandalizi mema.