Mtoto wa Mbwa Mkubwa: Usimharakishe Kukua

Wewe unayekaa Tunduma unaujua mji wako. Malori yamepanga foleni kwenda Zambia, maghala yamejaa mahindi, maduka ya jumla kibao, na wezi nao hawalali. Si ajabu mwenye mali akitafuta mbwa mkubwa wa kulinda, yule watu wanayemwita mbwa wa kizungu: German Shepherd, Rottweiler, au Boerboel wa Afrika Kusini mwenye kichwa kama ndoo.

Basi tuseme baba mdogo, dereva wa lori, kaleta mmoja nyumbani. Ana wiki nane, mnene, anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe. Wewe uko likizo, kwa hiyo kazi ya kumlea umekabidhiwa wewe. Utafanyaje?

(Na wewe ambaye kwenu hamfugi mbwa, au dini yako inakutaka ukae mbali na mate yake, usifunge ukurasa. Sehemu ya mwisho inakuhusu kama inavyomhusu mwenye mbwa, maana mbwa akiuma haulizi dini.)

Kilo nusu hadi kilo 35

German Shepherd huzaliwa akiwa na uzito wa karibu nusu kilo. Akiwa na mwaka mmoja na nusu dume anaweza kufika kilo 35 na zaidi. Yaani uzito umeongezeka mara 70! Mtoto wa binadamu anayezaliwa na kilo tatu huwa na kilo tisa hivi akifikisha mwaka. Sasa fikiria mifupa ya huyo mbwa inafanya kazi gani.

Kwenye ncha za mifupa mirefu ya mnyama anayekua kuna tabaka la gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Gegedu hilo ni laini kuliko mfupa wenyewe, na kwa mbwa wakubwa hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. (Na wewe unalo, au ulikuwa nalo mpaka majuzi. Wasichana kwa kawaida hufunga mapema kuliko wavulana.) Mwili ukinenepa haraka kuliko viungo vinavyokomaa, uzito wote unalalia sehemu laini. Nyonga hazikai sawasawa, viwiko vinavimba, mbwa anaanza kuchechemea akiwa na miezi mitano. Watu wanasema kalogwa, au kapigwa jiwe. Kumbe ni sahani yake.

Chakula: hapa ndipo wengi wanapokosea

Mwenye mbwa mkubwa hupenda kumwona mtoto wake kanenepa kama kiroba. Anampa ugali mpaka tumbo linagusa chini. Acha! Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia mbwa 48 aina ya Labrador tangu utotoni hadi kufa. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Hao waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yalichelewa kuwapata. Hakuna anayesema umshindishe mbwa njaa. Mpapase ubavuni: unatakiwa uzisikie mbavu chini ya vidole bila kubonyeza sana. Mtazame kwa juu: unatakiwa uone kiuno. Mbavu zikionekana kwa macho toka mbali, hapo amekonda kweli, mwongeze.

Kosa la pili linafanywa na watu wenye nia njema kabisa. Wanasikia "kalsiamu hujenga mifupa", wanakwenda duka la pembejeo, wananunua unga wa mifupa au chokaa ya kuku na kumwagia mbwa kwenye chakula kilichokwisha kuwa kamili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwachunguza watoto wa mbwa aina ya Great Dane miaka ya 1980. Waliolishwa kalsiamu kupita kiasi walipata kasoro za mifupa na viungo. Sababu ni kwamba mtoto wa mbwa katika miezi yake ya mwanzo hawezi kukataa kalsiamu iliyozidi. Ikiingia tumboni, sehemu kubwa inaingia mwilini atake asitake.

Lakini upande wa pili nao una shimo. Pumba, nyama tupu na maini vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Mtoto wa mbwa anayelishwa hivyo tu, mwili wake hukopa kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na mifupa inakuwa dhaifu kama bua.

Kwa hiyo? Kama baba mdogo anaweza kununua chakula cha dukani kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wakubwa, mpe hicho na usiongeze kitu cha kalsiamu. Kama hawezi, ugali laini wa dona au wali, pamoja na dagaa wazima waliooshwa chumvi na mchanga (kapenta wanafaa sana, mifupa yao midogo ndiyo kalsiamu yenyewe), yai la kuchemsha, na boga au mboga za majani kidogo. Hicho si chakula kamili kama cha kiwandani, kwa hiyo mwonyeshe bwana mifugo unachompa. Mgawie mara nne kwa siku mpaka miezi minne, mara tatu mpaka miezi sita, halafu mara mbili. Vitunguu usimpe, ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vikali. Kokwa la parachichi nalo humkaba.

Na mahindi yaliyoota ukungu je, yale yanayochambuliwa ghalani na kuwekwa pembeni "ya mbwa"? Hapana kabisa. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa ni mmoja wa wanyama wanaoumia upesi kwa sumu hiyo, hasa ini.

Kila Jumamosi mpime. Panda na mbwa mikononi kwenye mizani ya magunia, kisha jipime peke yako, utoe. Andika kwenye daftari na uchore grafu. Mstari ukipanda ghafla, punguza chakula. Ukilala au ukishuka, kamwone bwana mifugo.

Mazoezi ni kama kawaida ya mtoto: acheze uani, apumzike anapotaka. Usimfunge nyuma ya baiskeli na kumkokota mlimani, usimrushe toka kwenye lori, wala usimpeleke mchakamchaka wa asubuhi na darasa zima. Hayo yangoje mpaka akomae.

Minyoo na chanjo

Mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa tayari ana minyoo, maana minyoo ya mama hupita hadi kwa mtoto tumboni. Mayai yake, yakikaa kwenye udongo na kuingia midomoni mwa wadogo zako, huleta ugonjwa. Kwa hiyo dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, inarudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Kinyesi kizoe kila siku, ukifukie, unawe kwa sabuni.

Chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa ndani ya siku chache, huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu, halafu inarudiwa kwa ratiba ya bwana mifugo. Kampeni ya chanjo ikipita mtaani kabla ya hapo, mpeleke tu, Shirika la Afya Duniani linashauri hata wadogo wachanjwe. Tunza kadi. Kuvuka naye Nakonde au kumwingiza nchini bila vibali vya mifugo hairuhusiwi.

"Mfungie awe mkali"

Eti ukimfungia gizani na kumlisha pilipili atakuwa mlinzi hodari. Uongo mtupu. Pilipili inaunguza tumbo tu. Kati ya wiki ya tatu na ya 14 mbwa hujifunza nani ni wa kawaida duniani: watoto, wazee, honi za malori, bibi mwenye kikapu. Aliyefungiwa wakati huo anaogopa kila kitu, na mwenye hofu ndiye anayeuma mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Ana kilo 35 sasa, kumbuka.

Akiuma, au ukiumwa na mbwa yeyote

Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, karibu kila mara huua. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kuwa Tanzania ilikuwa inapoteza karibu watu 1,500 kwa mwaka, na duniani karibu wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto chini ya miaka 15. Lakini huzuilika ukiwahi.

Osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa. Hata mkwaruzo, hata mbwa akiwa wa kwenu, hata akiwa mtoto mdogo. Usipake mafuta, kitunguu wala pilipili, usiweke jiwe la nyoka. Mwambie mtu mzima hata kama ulikuwa unamchokoza na unaogopa kugombezwa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ratiba mojawapo ni sindano siku ya 0, ya 3 na ya 7, nyingine ni ndefu zaidi. Wewe fuata kadi utakayopewa na usikatishe kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda kibaya huongezewa dawa nyingine ya kinga, inayochomwa palepale kwenye kidonda.

Mbwa mwenyewe asiuawe haraka kama anaweza kufungwa salama. Aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, basi alipouma hakuwa anaambukiza, na daktari ataamua kama sindano zilizobaki zinahitajika. Lakini ile ya kwanza usiisubirishe hizo siku 10.