Diski Bandia ya Kiuno: Ya Kufanya na ya Kuacha

Maumivu ya kiuno yasiyokoma humfanya mtu akubali lolote. Ndiyo maana ndugu huanza kuchangishana nauli ya kwenda India kuwekewa diski bandia kabla mgonjwa hajajua kwa hakika kinachomuuma. Upasuaji wenyewe si uzushi. Diski bandia ya Charité ilibuniwa Berlin Mashariki, mmoja wa wabunifu akiwa Karin Büttner-Janz, daktari aliyewahi kushinda dhahabu ya jimnastiki katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Ilianza kuwekwa kwa wagonjwa mwaka 1984, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 2004. Lakini upasuaji wa namna hii unawafaa wachache, na huenda wewe si mmoja wao.

FANYA

Tafuta chanzo kwanza. Picha ya MRI ikionyesha diski iliyochakaa, hiyo si hukumu. Watu wengi wa makamo wana diski za namna hiyo na hawaumwi popote. Kama unapata homa za jioni, unatoka jasho usiku na unakonda, pimwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Diski bandia haiwekwi palipo na maambukizi.

Maliza walau miezi sita ya matibabu yasiyo ya kisu: mazoezi ya fiziotherapia, dawa, kupunguza uzito. Nimesema maliza. Kuhudhuria mara mbili kisha kutangaza kwamba imeshindikana si kumaliza.

Pima uimara wa mifupa, hasa mama aliyekwisha koma hedhi. Mfupa uliodhoofu hauwezi kubeba bamba la chuma. Diski huzama ndani yake.

Uliza kisu kitapita wapi. Wengi hushtuka kusikia kwamba mgongo utafikiwa kupitia tumboni: utumbo husogezwa kando, kisha ile mishipa mikubwa ya damu iendayo miguuni, ndipo pingili zionekane. Basi uliza bila haya nani atakuwa chumbani mshipa ukichanika. Akikosekana bingwa wa mishipa ya damu, ondoka. Nawe baba unayetaka watoto, uliza kuhusu mbegu kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Neva zinazohusika ziko palepale njiani.

USIFANYE

Usikubali kuwekewa ikiwa viungo vidogo vya nyuma ya pingili navyo vimesagika, pingili imeteleza, au mfereji wa neva umebana. Diski bandia haitibu hayo.

Usidanganywe kwamba ni kama kubadili tairi. Ikiharibika, kurudi tumboni mara ya pili ni hatari kuliko mara ya kwanza, kwa sababu makovu hugandamana na mishipa mikubwa.

Usiahidiwe kupona kabisa. Majaribio yaliyofanya diski ya Charité iidhinishwe Marekani yaliilinganisha na upasuaji wa kuunganisha pingili, yakipima kama si duni kuliko huo. Kutokuwa duni ni jambo moja, kuamka bila maumivu ni jingine. Daktari anayekuhakikishia hilo la pili anauza.

Usivute sigara, kabla wala baada.

Usipande ndege bila kujua daktari gani atakufuatilia ukirudi nyumbani. Wala usirudi bila karatasi yenye jina la diski, saizi yake na pingili ilipowekwa, pamoja na picha zote. Daktari wa huku hawezi kubahatisha kilichomo mwilini mwako.

Usimpe mchuaji mgongo uliopasuliwa aukanyage, hata awe shangazi yako.

Na usingoje kikao cha familia iwapo sehemu za siri zimekufa ganzi, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, au miguu yote miwili imelegea. Hapo habari ya diski bandia haipo tena: neva zinabanwa, na zikichelewa kufunguliwa huenda zisirudi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.