Mtoto Asiyeweza Kula Karanga, na Miezi ya Vakansi

Mwanzoni mwa Julai watoto hufunga masomo, nao hawarudi shuleni mpaka Septemba. Kwetu Kivu miezi hiyo ni kiangazi. Njia zimekauka, na watoto hutumwa kwa nyanya kijijini, kwa shangazi mjini, kwa mjomba ng'ambo ya ziwa. Kuna arusi. Kuna mikutano ya kanisa ambako watu mia hula pamoja. Mahali pengi karanga za mavuno zimekwisha kuingia nyumbani, na kila mlango una mtu wa kukaribisha. Kwa mtoto ambaye karanga humdhuru, hii ndiyo miezi ya hatari kuliko yote. Basi somo hili ni la mama yake na baba yake. Tena ni la nyanya yake, na la yule jirani mwema anayependa kumpa kila mtoto kitu cha kutafuna.

Ugonjwa huu ni nini? Jina lake ni mzio, na wengi wetu husema alerji. Mwilini mwetu mna ulinzi, kama askari wanaopigana na vijidudu. Kwa mtoto huyu askari wamemdhania rafiki kuwa adui. Karanga ikiingia, hata kidogo, hupiga vita kubwa, na vita hiyo ndiyo inayomwumiza. Jambo hili halikuzaliwa jana. Mwaka 1902 waganga wawili huko Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jinsi mnyama aliyekwisha kupewa kitu fulani awezavyo kufa kwa kiasi kidogo tu cha kitu kile kile akipewa tena. Mwaka 1906 munganga wa Vienna, Clemens von Pirquet, alitunga neno alerji. Watu wa kila taifa hupatwa nayo. Wengine hudhuriwa na mayai, au maziwa, au samaki. Mimi nasema habari za karanga kwa sababu katika vyungu vyetu hujificha sana.

Dalili huja upesi, mara nyingi kabla ya nusu saa, na kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita. Midomo na macho huvimba. Ngozi hutoka mabaka yanayowasha. Mtoto hutapika au tumbo humwuma. Hizo ni za kuangalia. Lakini sauti ikikauka, ulimi ukivimba, akikohoa bila kuacha, pumzi ikipiga filimbi, au mtoto akilegea na kuwa baridi, hapo maisha yake yamo hatarini.

Sasa nitasema neno ambalo wengi hawapendi kulisema wazi. Mtoto akivimba midomo baada ya kula kwa jirani, watu husema, "Amelishwa sumu." Wengine hutaja uchawi, nao huanza kumtafuta mwenye mkono mbaya. Nimeona jamaa mbili zilizokuwa zikipeana chumvi na moto miaka mingi zikaacha kusalimiana, kwa sababu mtoto wa nyumba moja alianguka baada ya kula sombe ya nyumba ya pili. Mama aliyepika alilia kuliko mama wa mtoto. Je, watoto wengine walikula chungu kile kile, nao wakacheza mpaka jioni? Je, mambo kama haya yalimpata mtoto huyu siku nyingine, naye siku hiyo pia alikuwa amekula karanga? Ukijibu ndiyo, usimtazame mpishi. Mlete mtoto hospitali, atazamwe na munganga.

Wala usimpige mtoto anayekataa chakula na kusema mdomo wake unawasha. Huo si ukaidi. Wazee wengine husema, "Mpeni kidogo kidogo, atazoea." Ni kweli kwamba katika hospitali kubwa za nchi nyingine waganga hufanya hivyo, kwa vipimo vidogo sana, na dawa ya kumwokoa iko karibu. Si kazi ya mwiko wa jikoni.

Kwa hiyo semeni mapema, kabla ya safari. Usimtume mtoto mwenyewe na habari hii, wala usiitume kwa simu kama unaweza kwenda. Na kama ni nyanya mzaa baba, baba ndiye aseme. Mke akisema peke yake, mara nyingine husikiwa kama anayedharau chakula cha mama mkwe. Kaa chini, mwambie hivi: "Mama, mtoto huyu anapenda chakula chako, nasi tunataka akae kwako kwa furaha. Lakini karanga inaweza kumwua. Munganga ametuambia. Twakuomba wewe uwe mlinzi wake." Nyanya aliyeombwa hivi hawi adui wa agizo. Atakuwa mkali kuliko wewe. Atawafukuza watu na karanga zao mpaka barabarani!

Umweleze pia mahali karanga inapojificha. Imo katika sombe na lengalenga, imo katika mchuzi wa nyama. Unga wa uji wa mahindi, mtama na soya mara nyingi huchanganywa na karanga, na mashine iliyosaga karanga asubuhi husaga mahindi ya mtoto mchana. Kinu ni hivyo hivyo. Mafuta ya karanga yaliyokamuliwa kwetu bado yana kitu kile kinachomdhuru. Moto hauondoi hatari. Karanga iliyochemshwa na iliyokaangwa zote ni karanga. Angalia tena ile pakiti ya dawa-chakula wanayopewa watoto wenye utapiamlo, iitwayo Plumpy'Nut. Imetengenezwa kwa karanga. Ni chakula chema kilichookoa watoto wengi sana, lakini kama mdogo wake anapewa, mkubwa asilambe pakiti. Na kama huyu mwenye alerji ndiye amekonda, mwambie mwuguzi kabla hajafungua pakiti ya kwanza. Maharagwe ni jamaa ya karanga, walakini wengi wa watoto hawa huyala bila shida. Usimnyime mtoto maharagwe kwa hofu tu.

Njia iliyo rahisi ni hii. Pika chungu kizima bila karanga. Wanaotaka karanga, watilie ya kusaga katika sahani zao, baada ya mtoto kupakuliwa. Awe na sahani yake na kijiko chake. Tunapokula bugali kwa mkono katika sahani moja, mkono uliogusa karanga huipeleka kila mahali, kwa hiyo watu wote wanawe kwa sabuni. Maji matupu hayatoshi.

Safarini fungasha chakula chake: viazi vitamu, ndizi, mahindi ya kuchemsha. Penye gari na penye meli wauzaji wa karanga ni wengi, na abiria mwenye moyo mzuri humkunjia mkono mtoto wa mwenzake kabla hujageuka.

Katika arusi na mkutano wa kanisa, nenda kwa mama anayesimamia jiko, siku moja kabla. Lakini usimweke mtoto ale peke yake nyuma ya nyumba kama mtu aliyetengwa. Aibu hiyo ndiyo inayowafanya watoto wale kwa siri. Waombe rafiki zake wawili wale chakula chake pamoja naye. Na mtoto wa miaka sita aweza kufundishwa kusema mwenyewe. Kwetu kukataa chakula ni kumtukana mwenyeji, basi mpe maneno ya heshima: "Asante, mama. Munganga amenikataza karanga. Je, mna karanga ndani?" Mzoeze nyumbani mara nyingi, mpaka aseme bila haya.

Na kama hatari imefika? Usimpe maziwa wala mawese. Usimtapishe. Vidonge vya kuwasha haviokoi pumzi, usikae kuvingojea. Mlaze chali na kuinua miguu yake. Lakini kama anapigania pumzi, mwache aketi. Asisimame, asitembee, abebwe. Dawa ya kumwokoa ni sindano ya adrenalini, katika nyama ya paja, upande wa nje. Mwuguzi huipima kwa uzito: mtoto wa kilo 20 hupewa miligramu 0.2, na kama hapati nafuu huweza kurudiwa baada ya dakika tano. Akipata nafuu, abaki chini ya macho ya mwuguzi kwa saa kadhaa, maana ugonjwa huweza kurudi. Kuomba, uombe, lakini uombe mkiwa njiani.

Kwa sababu hiyo, kabla ya vakansi uliza ni kituo gani cha afya kilicho karibu na kwa nyanya, kama kina adrenalini, na nani mwenye pikipiki usiku. Omba barua ya munganga, ifungwe pamoja na nguo za mtoto.

Neno moja limebaki, kwa wamama wenye watoto wachanga. Wengine wakisikia habari hizi huwanyima karanga watoto wao wote. Hapana. Huko London waganga waliwafuata watoto 640 ambao walikuwa katika hatari ya kupata alerji hii, na mwaka 2015 walitangaza kwamba waliopewa karanga tangu uchanga waliipata kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Basi mtoto wako mzima, akianza kula uji karibu na miezi sita, mpe karanga iliyosagwa laini ndani ya uji. Punje nzima usimpe kabla ya miaka mitano, maana humkaba. Na kama ana ukurutu mkali wa ngozi, au mayai yamekwisha kumdhuru, mlete kwetu kwanza, ndipo aonjeshwe.