Mdudu wa inchi kavu ndani ya kidimbwi chetu

Ndugu wakulima, mnaofuga tilapia mumekwisha kumwona: mdudu mweusi mwenye ganda ngumu, anapanda, anatoa kitako juu ya maji, anazama tena. Ni mbawakawa wa majini. Ukoo wake ni wa inchi kavu, hana matamvua kama samaki. Hewa anaiweka chini ya mabawa, anashuka nayo. Miguu ya nyuma imekuwa bapa, iko na nywele, ni kasia kabisa. Lakini kuruka hajaacha! Usiku anatoka kidimbwi hiki anaenda kile, hata kipya anakifikia.

Mbaya zaidi ni mtoto wake, mrefu, mwenye meno mawili kama mundu. Anachoma alevini, anatia mate yenye kuyeyusha nyama, anafyonza. (Tuseme kweli, anakula pia viluwiluwi vya mbu.) Akikomaa anatoka majini, anajichimbia katika udongo wa ukingo, anageuka mdudu mzima.

Kwa hiyo tukate majani ya kandokando, maana humo wengi wanataga mayai. Kisha kuvuna tukaushe kidimbwi. Tukijaza maji, tusikawie majuma mengi mbele ya kutia alevini.